AFYA YA JAMAA: Homa ya Ini na Watumishi wa Hospitali

Katika nyumba za kambini na za polisi si ajabu kukuta mume akivaa sare ya jeshi na mke akivaa sare ya uuguzi. Mmoja huondoka alfajiri kwenda lindoni, mwingine huondoka jioni kwenda zamu ya usiku wodini, na watoto hubaki na nyanya yao au kwa jirani. Jamaa kama hiyo imekwisha kuzoea kumwombea dua yule anayechukua bunduki. Yule anayekwenda hospitali huagwa kama mtu anayekwenda mahali pa salama, penye paa, taa na maji. Walakini kazi ya hospitali inayo hatari yake, nayo imejificha katika damu za watu wengine. Hatari hiyo ni homa ya ini ya aina ya B, na ukurasa wa juma hili umetengwa kwa ajili yake.

Kwanza jina lenyewe lafaa kufafanuliwa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mtu akionekana macho yamegeuka rangi, majirani husema ana homa ya manjano. Umanjano ule ni dalili tu ya ini lililoshindwa kazi yake, nao waweza kuletwa na maradhi mengi. Homa ya manjano hasa ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na kirusi kinachochukuliwa na mbu. Homa ya ini nayo ina virusi vyake mbalimbali, vilivyopewa herufi A, B, C, D na E. Aina ya A na ya E hupitia katika chakula na maji machafu. Aina ya B hukaa katika damu na majimaji mengine ya mwili, wala haina habari na mbu au maji ya kisima. Hiyo ndiyo inayowahusu watumishi wa hospitali kuliko zote, ikifuatwa na aina ya C, ambayo mpaka leo haina chanjo.

Maradhi hayo mawili yamepata kukutana katika historia, na walioumia walikuwa askari. Mwaka 1942 Jeshi la Marekani lilikuwa likiwachanja watu wake dhidi ya homa ya manjano kabla ya kuwapeleka vitani. Chanjo ya siku hizo ilichanganywa na maji ya damu ya binadamu ili isiharibike, na miongoni mwa waliotoa damu hiyo walikuwamo wanafunzi wa udaktari na watumishi wa hospitali, ambao baadhi yao waliwahi kuugua umanjano. Katika muda wa miezi michache askari wapatao 50,000 walilala vitandani, na makumi kati yao wakafa. Baadaye ilikisiwa kwamba walioambukizwa, pamoja na wale wasioonyesha dalili yoyote, walifika 330,000. Wakati ule hakuna aliyekijua kirusi chenyewe. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo zilipotangazwa habari za uchunguzi wa damu za maaskari wastaafu, zikathibitisha kuwa ilikuwa aina ya B. Uchunguzi huo ulileta faraja pia: wazee wale karibu wote walikuwa wamekwisha kukifukuza kirusi miilini mwao. Sababu yake itaelezwa mbele.

Jinsi kirusi kilivyopatikana ni hadithi ya kushangaza kidogo. Daktari Baruch Blumberg wa Marekani hakuwa akitafuta homa ya ini hata kidogo. Alikuwa akikusanya damu za watu wa mataifa mengi, apate kujua kwa nini huyu hupatwa na ugonjwa fulani na yule asipatwe. Damu ya mgonjwa mmoja wa New York, aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, ilipokutanishwa na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, ukajitokeza mstari katika kipimo. Kitu kilichotoka kwa yule mwenyeji na kufanya mstari kikaitwa antijeni ya Australia, na habari zake zikachapishwa mwaka 1965. Kilikuwa na kazi gani, na kwa nini kilionekana kwa watu hawa na si kwa wale, hilo lilikuwa bado ni kitendawili.

Aliyesaidia kukitegua alikuwa mtumishi wa maabara. Barbara Werner alifanya kazi chini ya Blumberg mjini Philadelphia, na kazi hiyo ilikuwa ya kushika damu za watu. Mapema mwaka 1967 aliona mwili wake hauko katika hali ya kawaida. Kwa kuwa alizifahamu dalili za ini, jioni moja aliichukua damu yake mwenyewe akaitia katika kipimo. Asubuhi ya pili palikuwa na mstari hafifu. Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa homa ya ini ya virusi aliyetambuliwa kwa kipimo cha antijeni ya Australia. Macho yake baadaye yaligeuka manjano kweli, lakini alipona kabisa. Watu wengi huikumbuka Tuzo ya Nobel aliyopewa Blumberg mwaka 1976, na siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 28 Julai, imefanywa kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Jina la mtumishi yule halitajwi sana, ingawa ni haki litajwe, hasa na wale wanaofanya kazi kama yake.

Si wote waliobahatika kama yeye. Katika miaka ya 1969 na 1970 ugonjwa huu uliingia katika sehemu ya wagonjwa wa figo mjini Edinburgh, nchini Uskoti. Mgonjwa wa figo huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, tena mara kwa mara. Damu hupita katika mipira, na mipira hiyo hufungwa na kufunguliwa kwa mikono ya watu. Wagonjwa kadhaa walikufa, na watumishi wanne wakafa pamoja nao. Huko palikuwa mahali penye sifa, penye wataalamu wakubwa na vyombo vya kisasa. Profesa Michael Woodruff, aliyeongoza kazi ya kupandikiza figo katika mji huo, alitikiswa sana na vifo vya watu wake, na kazi yenyewe ikasimamishwa kwa muda huku uchunguzi ukiendelea. Kamati iliyoongozwa na Lord Rosenheim ilitoa taarifa yake mwaka 1972, na kanuni zake zikafuatwa: wagonjwa na watumishi wapimwe damu, na wenye kirusi watibiwe mbali na wenzao. Kanuni hizo leo huonekana kama jambo la kawaida tu, lakini waliozisababisha walikuwa marehemu.

Kwa nini kirusi hiki huwapata watumishi kwa wepesi namna hii? Sababu moja ni wingi wake. Katika damu ya mtu aliye nacho kwa nguvu, tone moja laweza kuwa na mamilioni ya virusi. Sababu ya pili ni uvumilivu wake. Damu iliyokauka juu ya meza, ambayo mtu angeidhani imekufa, huweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Kwa hiyo wataalamu wamepata hesabu ambayo ni rahisi kuikumbuka. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye kirusi cha B kwa wingi, uwezekano wa kuambukizwa wafika kama 30 katika 100. Kwa kirusi cha C ni kama 3 katika 100 au pungufu. Kwa kirusi cha ukimwi ni kama 3 katika 1,000.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo mara ya pili. Mtumishi aliyechomwa sindano aghalabu huuliza swali moja tu, nalo ni la ukimwi. Akiambiwa kwamba mgonjwa yule hana ukimwi, hupumua, akanywa chai, akarudi kazini. Kumbe kirusi kilicho hatari kwake mara mia kuliko kile alichokiogopa hakikuulizwa hata jina.

Baada ya kuingia mwilini, kirusi hutulia. Dalili zaweza kukawia mwezi mmoja hadi miezi 6, na kwa wengi hazionekani kabisa. Wengine hupatwa na uchovu, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na macho ya manjano. Hapa umri ndio unaoamua. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha. Mtu mzima mwenye afya hukishinda, na chini ya watu 5 katika 100 ndio wanaobaki nacho. Ndiyo maana askari wale wa mwaka 1942 walionekana safi katika uzee wao. Lakini anayebaki nacho huweza kuishi miaka 20 au 30 pasipo maumivu, huku ini likikauka na kuwa na makovu, au likiota saratani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na kirusi hiki, na kwamba katika mwaka huo kiliua watu milioni 1.1.

Katika Uganda, uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, kama 10 walikuwa nacho, na katika baadhi ya sehemu za kaskazini ilikaribia mtu 1 kati ya 5. Uchunguzi wa miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba idadi imeshuka, ikawa kama 4 katika 100. Hata hivyo mwuguzi hakutani na watu wa barabarani. Hukutana na wagonjwa, na katika wodi yenye vitanda 50 hawezi kujua ni yupi kati yao aliye nacho. Hata mgonjwa mwenyewe aghalabu hajui.

Habari za Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, zilizochapishwa mwaka 2010, zinaonyesha mambo yalivyokuwa wakati huo. Watumishi 370 walipimwa damu na kuulizwa maswali. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kukutana na kirusi cha B wakati fulani wa maisha yao, na kama 8 katika kila 100 walikuwa bado nacho. Si wote walioambukizwa kazini, maana katika nchi zetu wengi hukipata wakiwa watoto. Lakini karibu theluthi mbili walisema waliwahi kuchomwa na sindano, na waliokuwa wamekamilisha chanjo walikuwa 6 tu katika 100. Karibu wote walijua kuwa kazi yao ni ya hatari, na karibu wote walikuwa tayari kuchanjwa. Hapo hakuna wa kulaumiwa kwa ujinga au uzembe. Watu walikuwa wakiingojea sindano ya kinga huku wakichomwa na za maradhi.

Ajali hizi hutokeaje? Nyingi hazitokei wakati mtumishi anapomchoma mgonjwa, bali baada yake. Mwuguzi amekwisha kutoa dawa, ameshika bomba mkono wa kuume na kifuniko mkono wa kushoto, na kwa sababu alifundishwa kuwa nadhifu anataka kuifunika sindano. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinacholipia unadhifu huo. Kanuni ya sasa ni kwamba sindano iliyotumika haifunikwi, haipindwi, wala haichomolewi kwa mkono kutoka katika bomba. Hutumbukizwa nzima katika sanduku gumu lisilopenyeka, lililowekwa karibu na kitanda. Sanduku hilo likifika robo tatu hufungwa na kuondolewa. Robo ile inayobaki ina maana yake, kwa kuwa atakayesukuma sindano ya mwisho katika sanduku lililojaa pomoni atakutana na ncha zinazotazama juu.

Ajali nyingine hutokea usiku, taa ikiwa hafifu, mgonjwa mwenye degedege akijitupa, na zamu ikiwa na mtu mmoja badala ya watatu. Nyingine ni za chumba cha kuzalia, ambako damu humrukia mkunga machoni na mdomoni, naye hana nafasi ya kwenda kuvaa miwani kwa sababu mtoto hangoji. Mpasuaji hujichoma anapokishona kidonda kirefu akiwa amechoka. Mtumishi wa maabara hukatwa na kioo cha chupa iliyopasuka.

Walio mbali na kitanda cha mgonjwa ndio wanaosahauliwa kuliko wote. Dobi wa hospitali hukunjua shuka na kukuta sindano ndani yake. Mfagizi hubeba mfuko wa taka begani, na sindano iliyotupwa kwa haraka hupenya mfuko ikamchoma mgongoni. Mchoma taka hukanyaga wembe katika majivu. Hao hawakusoma chuo cha uuguzi, wengi hufanya kazi ya kibarua, na orodha ya chanjo ikiandikwa huanza na madaktari na kuishia kwa wauguzi. Kosa la kutupa sindano hufanywa na mwenye cheo, na jeraha huwa la asiye na cheo. Mkuu wa hospitali anayetaka kujua kama kazi yake ni nzuri angeweza kuanza kwa kumwuliza mfagizi wake kama amechanjwa.

Jeshi na polisi nao wanao watu wao katika safu hiyo. Mtabibu wa kikosi hutibu majeruhi vichakani, pasipo beseni wala sanduku. Polisi wa barabarani huwatoa watu katika magari yaliyogongana, mikono yake ikilowa damu, na askari anayempekua mshukiwa hutia mkono katika mfuko asioujua una nini. Mfuko wa namna hiyo afadhali ugeuzwe nje au umwagwe mezani kuliko kupapaswa. Glavu za mpira katika gari la doria si jambo la anasa.

Na akishachomwa, afanye nini? Kwanza asilifinye wala kulinyonya jeraha. Aliache lichuruzike lenyewe, aoshe mahali pale kwa maji yanayotiririka na sabuni. Damu ikiwa imeingia machoni, aoshe kwa maji safi kwa wingi. Asitie dawa kali ya kuondolea madoa, maana huichubua ngozi na kufungua njia pana zaidi. Kisha atoe taarifa saa ile ile, wala asingoje zamu iishe. Sindano ilitoka kwa nani? Damu ya mgonjwa huyo yaweza kupimwa? Mtumishi mwenyewe amechanjwa, na kinga yake iliwahi kupimwa? Maswali hayo matatu ndiyo yanayoamua tiba. Ikiwa hajachanjwa, huanzishiwa chanjo papo hapo, na ikipatikana hupewa pia dawa ya kinga iliyotolewa katika damu ya watu wenye kinga, ambayo hufaa zaidi ikitolewa katika saa 24 za kwanza, na faida yake baada ya siku 7 haitumainiwi. Dawa za kuzuia ukimwi nazo zina saa zake, zisizozidi 72. Kwa hiyo anayekawia kusema huzipoteza kinga zote mbili kwa pamoja.

Wako wanaokawia, nao wanayo sababu. Mwuguzi huhofia kuambiwa kuwa ni mzembe. Huhofia zaidi kwamba damu yake itapimwa, ionekane ina kirusi, naye aondolewe kazini, habari zifike kambini kabla yeye hajafika. Anajifunga kitambaa kidoleni, anamwambia mume wake kwamba alikatwa na kopo. Hofu hiyo haitaondoka kwa kuhimizwa tu na mabango ya ukutani. Itaondoka pale ambapo daftari la ajali litatunzwa kama siri, na aliyeandikwa humo ataonekana siku ya pili yuko kazini. Mwaka 2012 Marekani ilitoa mwongozo kwamba kuwa na kirusi cha B peke yake si sababu ya kumzuia mtu kufanya kazi ya tiba au kuisomea. Wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu ni wale wanaofanya upasuaji ambamo vidole na ncha kali hukutana ndani ya mwili wa mgonjwa, na hao nao huweza kuendelea virusi vikishuka kwa dawa. Mwuguzi wa wodi anayegawa vidonge na kutandika vitanda hana sababu ya kunyang'anywa mkate wake.

Sasa chanjo. Ile ya kwanza ilikubaliwa Marekani mwaka 1981, nayo ilitengenezwa kwa maji ya damu ya watu wenye kirusi, yaliyosafishwa. Ilikuwa ndiyo miaka ya mwanzo ya ukimwi, na watumishi wengi wa hospitali waliikataa kwa kuhofia damu hiyo, ingawa hofu yao haikuthibitika. Mwaka 1986 ikaja nyingine, ambayo haina damu ya mtu yeyote; hutengenezwa kwa msaada wa hamira, jamaa ya ile ile inayoumua maandazi, iliyofundishwa kutoa sehemu ndogo ya ganda la kirusi. Ganda tupu haliwezi kuambukiza, lakini mwili huliona na kujiweka tayari.

Matokeo yake yamehesabiwa. Nchini Marekani ilikadiriwa kwamba mwaka 1983 watumishi wa afya kama 17,000 waliambukizwa kirusi cha B. Mwaka 1995 walikuwa kama 400. Katikati ya miaka hiyo, sheria iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1991 ilimlazimisha mwajiri kuwapa chanjo hiyo bila malipo watumishi wanaoshughulika na damu, pamoja na vifaa vya kujikinga. Maneno ya kuzingatiwa hapo ni bila malipo. Mfagizi akiambiwa ajinunulie sindano tatu kutoka katika mshahara wake, atanunua unga.

Katika Uganda watoto wachanga walianza kupewa kinga hiyo mwaka 2002, ikiwa imeunganishwa na chanjo nyingine katika sindano moja. Kijana aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na hao ndio walio wengi kati ya askari na wauguzi wenye umri wa kati leo. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilipeleka upimaji na chanjo ya bure kwa watu wazima, ikianzia wilaya za kaskazini.

Mtu mzima hupimwa kwanza, kwa kuwa aliye na kirusi tayari chanjo haimfai, naye anahitaji daktari. Asiye nacho huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita kuhesabu tangu siku ya kwanza. Hii ya tatu ndiyo inayopotea. Askari amehamishwa, mwuguzi amekwenda likizo ya uzazi, kadi imebaki katika sanduku la nguo. Aliyekosa siku yake haanzi upya. Huendelea pale alipoachia. Kwa mtumishi wa hospitali liko jambo moja zaidi: mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya tatu damu yake ipimwe ionekane kama kinga imepanda, maana kati ya watu wazima 100 wako wachache, kama 5 hadi 10, ambao miili yao haikujibu. Hao hurudiwa dozi. Kinga ikishathibitika hudumu miongo, wala mtu mwenye afya hahitaji kuongezewa.

Limebaki la nyumbani. Mke au mume wa mtumishi aliyeonekana ana kirusi apimwe na kuchanjwa, na watoto vivyo hivyo, kwa sababu njia nyingine ya ugonjwa huu ni ya unyumba. Wembe, mswaki na kikata kucha visiwe vya shirika, na hili lafaa kusikika hata kwa vijana kambini wanaonyoana ndevu kwa wembe mmoja. Kula sahani moja, kulala chumba kimoja, kupeana mkono, kumbeba mtoto, hayo hayaambukizi. Yuko mama aliyetengewa kikombe chake na jamaa wa mume. Kikombe kile hakikumkinga mtu yeyote, kilimwumiza yeye tu. Mama mwenye mimba aseme mapema kliniki, ili mtoto apate chanjo katika saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa, pale inapotolewa.

Mwenye kirusi hahitaji dawa kila mara. Wengine hupimwa ini kila baada ya miezi 6 na kuachwa. Wanaohitaji hupewa kidonge kimoja kwa siku, aghalabu tenofovir, ambacho hukizuia kirusi kisizaane ingawa hakikiondoi kabisa, na kwa hiyo hakiachwi bila shauri la daktari. Pombe aiache, maana ini lake tayari lina kazi nyingi. Dawa za mizizi zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini nazo zimewahi kuliharibu ini lililokuwa likijiponya, na anayezitaka afadhali amwonyeshe daktari kwanza. Vidonge vyake vitunzwe mahali pakavu, juu ya kabati, watoto wasipofika, na akienda safari ya kikazi achukue vya siku zote za safari pamoja na vya juma moja zaidi.